Buibui wa Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Kiswahili amesema atakayeandika kila siku muhula huu, hata mstari mmoja, hataganda tena kwenye insha. Mimi huganda. Kwa hiyo naanza, na naanza na aibu: picha zangu kumi na nne za leo zote ni mbovu.

Nimejiunga na chama cha sayansi. Katika kazi ya wadudu tuko wawili tu, mimi na mwenzangu wa dawati, ambaye darasa zima linamwita Mama Wadudu. Mimi nina kamera, kwa sababu Mjomba, kaka yake Mama, ana studio ya picha za pasipoti na ameniazima kamera yake ya zamani pamoja na lenzi ya kupigia vitu vidogo. Mama Wadudu ana macho. Pale ninapoona jani, yeye ameshaona nani analila.

Leo alinionyesha vidukari chini ya jani la mwaridi. Nilisogea mpaka lenzi ikakaribia kuwagusa, nikabonyeza, flashi ya juu ya kamera ikawaka. Nusu ya juu ya picha imekuwa nyeupe kama chokaa, nusu ya chini giza totoro. Nilirudia mara kumi na nne, nikidhani kamera imeharibika.

"Kumi na nne," akasema, "na zote ni picha za kivuli cha lenzi yako."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hatukutoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda studio kumwonyesha Mjomba. Alikuwa akimchana nywele mteja mmoja mzee kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Alipomaliza akazitazama zangu, akacheka hadi akavua miwani.

"Mpwa, mtu akikusimamishia taa nyuma ya kichwa wakati unasoma, utaona nini?"

"Kivuli changu, Mjomba."

"Haya. Ndivyo ulivyomfanyia huyo maskini. Lenzi imetangulia, taa imebaki nyuma."

Akaing'oa flashi kutoka juu ya kamera, akaiunganisha kwa waya uliojisokota kama wa simu ya mezani, akanipa niishike kwa mkono wa kushoto. Akaweka kifungo cha shati mezani. Nikapiga taa ikiwa mbele: nikaona kifungo. Nikapiga taa ikiwa pembeni, juu kidogo: nikaona matundu manne, uzi uliochakaa, na mikwaruzo ambayo macho yangu hayakuiona.

"Umeona? Sasa unajua hadi kimefuliwa mara ngapi."

Kisha akakata kipande cha dumu jeupe la maziwa, akakifunga mbele ya flashi kwa mpira, mwanga ukawa laini. Akanifundisha pia kwamba ukiwa karibu hivyo huzungushi lenzi ili kulenga. Unasogeza mwili wako wote mbele na nyuma, pole pole, kama anayepenya mlangoni mwa mtoto aliyelala, na unabonyeza ukiwa umeshaacha kupumua.

"Na mdudu akikimbia?"

"Mwache akimbie. Wapo wanaowatia kwenye friji kwanza ili watulie. Mimi wateja wangu hutulia wenyewe, isipokuwa watoto, na mtoto wa watu huwezi kumtia kwenye friji."

Tukacheka wote wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Kamera hii ni nzito. Nikiishika kwa mkono mmoja na flashi kwa mwingine, natetemeka kama jani ninalolipiga. Leo Mama Wadudu akaichukua flashi bila kuniuliza.

Nilitegemea nitamwelekeza. Ikawa yeye ndiye ananielekeza. Hatazami kamera hata kidogo. Anamtazama mdudu na kivuli chake, kisha anaileta taa mahali ambapo kivuli kinaangukia nyuma. "Subiri. Pembe zake zinajificha. Haya, sasa." Tumepata nzi wa kijani mwenye macho ya vyumba vyumba, kila chumba kinaonekana. Nilipiga kelele. Nzi akaruka.

"Umemfukuza mgeni," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Ana daftari lake. Anaandika saa, hali ya hewa, mdudu alikuwa anafanya nini. Ukurasa wa kwanza ameandika kanuni ya kazi yetu kwa wino mwekundu: *Tunampiga alipo. Hatumgusi, hatumsogezi.*

Alhamisi, 13 Machi

Mvua asubuhi, mtihani wa hesabu mchana. Sina la kusema kuhusu vyote viwili.

Jumatano, 19 Machi

Nyuma ya tangi la maji la shule kuna mawe yaliyobaki baada ya ujenzi. Mama Wadudu alilala kifudifudi pale na sare yake safi, akaniita kwa kidole.

Kulikuwa na buibui wa kahawia, mkubwa kama sarafu, na nyuma ya tumbo lake ameshika kifuko cheupe cha duara. Mayai. Huyu hafumi utando, akaninong'oneza. Huwinda kwa miguu, na popote aendapo huenda na kifuko chake. Watoto wakitoka watapanda mgongoni kwake, wote, na atatembea nao kwa siku kadhaa.

"Wote? Wanatosha?"

"Wanabanana."

Redio, yule msichana wa darasa letu ambaye hafungi mdomo hata akinywa maji, alikuwa amekuja kuchota maji. "Mama Wadudu, umepata mkwe?" Mama Wadudu alikuwa anahesabu siku kwa vidole vyake.

Jumatatu, 24 Machi

Habari kubwa. Mwalimu wa Biolojia ametangaza maonyesho ya picha za viumbe vidogo kwa shule zote. Kila shule italeta picha moja, kazi ya wanafunzi wawili. Watakaoshinda watakaa wiki mbili za likizo kwenye chumba cha wadudu cha jumba la makumbusho, wakifanya kazi na mtaalamu mwenyewe. Sharti ni moja, nalo liko kwenye fomu ya kutiwa sahihi: kiumbe awe hai, mahali pake, bila kudhuriwa.

Nilimgeukia Mama Wadudu. Hakuwa akitabasamu, alikuwa ameshika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Njiani akaniambia kwamba walipokuwa darasa la tano walipelekwa makumbusho, na yeye alisimama mbele ya mlango wa chumba kile mpaka basi likakaribia kumwacha. Mlangoni pameandikwa kwamba wanaingia wafanyakazi tu.

"Nikiingia mle sitoki. Mtaniletea chakula."

Tumeafikiana. Tutampiga buibui wetu siku watoto watakapokuwa mgongoni.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tulifanya mazoezi saa nzima na sikupiga picha hata moja, kwa kuwa kila nikikaribia yeye anasema, "Bado. Amesimamisha miguu ya mbele, ana wasiwasi." Magoti yangu yameloa tope. Nikamwambia kwa namna hii tutafika mwakani.

"Basi tufike mwakani," akasema.

Nampenda, lakini ana pole pole ya kuudhi. Sijui kama anajua kwamba siku zinahesabika.

Jumanne, 8 Aprili

Wametoka! Mgongo wake wote umefunikwa, hauoni hata rangi yake. Tulipiga picha sita. Zote hazifai, maana alikuwa anatembea, na lenzi hii ikiwa karibu hivyo huona vizuri upana wa uzi tu. Akipiga hatua moja, ametoka. Mama Wadudu alikuwa anatetemeka, flashi inamchezacheza mkononi. Nikamkaripia. Akasema anahisi baridi.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuja shuleni. Jioni nikaenda kwao. Mama yake alinifungulia mlango akaniambia, "Ana homa, binti yangu, usimchoshe." Alikuwa chini ya mablanketi mawili, midomo imekauka.

"Picha zinatakiwa Jumatatu," nikamwambia.

"Najua. Tuna zile sita."

"Zile sita ni ukungu mtupu."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Umwangalie. Usimguse, umwangalie tu, uniandikie saa na anachofanya. Utanifanyia hivyo?"

Nikasema nitafanya.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepata picha.

Jumamosi, 12 Aprili

Jana niliandika maneno mawili na kufunga daftari. Leo nimeshinda nikifua vitu ambavyo havikuwa vichafu. Afadhali niandike.

Jana baada ya masomo nilikwenda nyuma ya tangi na kopo la plastiki. Nilimfunika, nikateleza karatasi chini yake, nikamgeuza. Nilichukua pia mawe mawili ya palepale na jani moja kavu la kuweka nyuma, ili nyuma ya picha pasiwe peusi. Naandika hili la mawe kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba nilikuwa nimefikiri. Mtu akisema alipitiwa, habebi mawe.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikaliweka kopo kwenye sehemu ya barafu, kwa kuwa friji yetu huku chini haipozi vizuri. Nilikusudia dakika tano. Atulie, nimpige, nimrudishe kabla jua halijazama. Nilimsikia Mjomba akicheka kichwani mwangu, nami nikajiambia kwamba kama jambo linachekesha basi si baya.

Dakika ya pili Mama akapiga simu: amesahau funguo za kabati la kazini, nizikimbize kazini kwake, ni hapo tu kona ya pili. Nikakimbia. Wakati wa kurudi mvua ikashuka, ile mvua isiyokuonyesha hata upande wa pili wa barabara, nami nikajibanza kwenye baraza la duka la viatu pamoja na watu wengine. Ningeweza kurudi nikiwa nimelowa. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulowa. Lakini nilikuwa nimevaa sare, na nikasimama pale nikitazama saa ya ukutani ya duka ikipita dakika ishirini, thelathini, arobaini.

Nilipofungua kopo, alikuwa amekunja miguu yote chini ya tumbo, kama ngumi. Watoto walikuwa bado wamemng'ang'ania. Wachache walikuwa wameangukia ndani ya kopo kama mbegu za mchicha, tofauti ni kwamba hizi zilikuwa na miguu.

Nikamweka juu ya jiwe. Nikasubiri aamke. Na wakati nasubiri, nikawasha kamera.

Hakutembea. Hakuwa na wasiwasi. Nilikuwa na muda wote duniani. Niliegemeza flashi kwenye kikombe, kushoto, juu kidogo, na kipande cha dumu mbele yake, nikawa naisogeza kidole kwa kidole mpaka kila unywele ukaonekana na kila mtoto akawa na kivuli chake kidogo. Nilipiga picha kumi na moja. Sijawahi kuweka mwanga vizuri namna ile, na sikuhitaji mtu wa kunishikia.

Kisha nikakaa naye mpaka Mama aliporudi. Hakuamka. Nimemzika kwenye chungu cha maua cha dirishani.

Mama alikuta kopo kwenye sinki. "Na hili?"

"La sayansi."

"Sayansi isikae karibu na nyama yangu," akasema, akaendelea na mambo yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwalimu wa Biolojia aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hii," akasema, "nitaiweka hata nyumbani kwangu." Akanipa fomu. Nikatia sahihi yangu chini ya maneno *hai, mahali pake, bila kudhuriwa*. Mama Wadudu alikuwa bado anaumwa, kwa hiyo jina lake nikaliandika mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Nilipita nyuma ya tangi, sijui nilikuwa natafuta nini.

Jumanne, 22 Aprili

Amerudi, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Jambo la kwanza: "Nionyeshe."

Nilimpa nakala. Aliisogeza karibu na uso mpaka pua ikakaribia kuigusa. Nilikuwa naiangalia saa ya darasa.

"Wote wako mgongoni," akasema. "Kila mmoja anaonekana. Uliwezaje peke yako?"

"Niliegemeza flashi kwenye jiwe."

"Mbona amekunja miguu?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mahali pazuri pa kusemea: tumekaa wawili, hakuna mwalimu, Redio hayupo. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ilikuwa alfajiri. Baridi kali, baada ya mvua. Alikuwa amejikunyata."

"Amejikunyata na watoto wake," akasema taratibu. Nikamwona akiamini. Kumbe mtu akikuamini inaonekana usoni, kama taa inayoletwa chumbani.

"Kisha?"

"Kisha jua likatoka akaenda zake."

Jumamosi, 26 Aprili

Tumeshinda.

Picha ilikuwa imetundikwa katikati ya ukumbi, kubwa kama mlango wa kabati. Watu walipanga foleni kuitazama. Mjomba alikuja na tai. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Mwanga umekaa," akasema. Hakucheka, wala hakuniuliza mdudu alitulia vipi. Nadhani hakutaka kunilazimisha kumdanganya.

Redio akasema kwa sauti yake ile ya kutangazia taifa: "Jamani, mbona huyu buibui kama marehemu?"

Wengine wakacheka. Mama Wadudu akageuka, yeye ambaye miaka yote anaitwa majina na hajibu. "Funga mdomo wako! Hujui lolote. Ilikuwa baridi, alikuwa anawakinga wanawe. Mwenzangu alilala kwenye tope kumsubiri, wewe ulikuwa kitandani."

"Haya mama, yaishe, nilitania tu."

"Usitanie kazi ya mtu."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, na mimi wangu sikuuhisi kabisa.

Jumatano, 30 Aprili

Mtaalamu wa makumbusho amemwandikia Mwalimu barua. Anatukaribisha Alhamisi ijayo kwa utambulisho, na anataka tusome mbele ya wenzake ukurasa mmoja wa tulichokiona wenyewe. Mama Wadudu ameshaandika wake. Hakunionyesha, anasema nitashangaa.

Jumapili, 4 Mei

Siku nzima mvua. Sikula vizuri. Mama ameniuliza kama ni mambo ya wavulana. Natamani yangekuwa mambo ya wavulana.

Jumanne, 6 Mei

Leo baada ya masomo tulibaki maabara, Mama Wadudu kwenye kiti cha mwalimu, mimi mbele kama hadhira. Akafungua daftari lake, akajikohoza.

"'Kwa kawaida,'" akasoma, "'buibui huyu akihisi hatari hukimbia, na watoto wengine huanguka. Lakini tarehe kumi na moja Aprili, alfajiri, kwenye baridi kali, mwenzangu alishuhudia mama akikunja miguu yote chini ya tumbo na kutulia, na watoto hawakushuka. Jua lilipotoka, alikunjua miguu akaondoka nao. Huenda hii ni njia ya kuwakinga na baridi.'"

Akainua macho. "Nimetafuta kwenye vitabu vyote vya maktaba. Hakuna kilichoandika hivi. Hakuna! Huenda sisi ndio wa kwanza."

Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo. Hadi masikio yake yalikuwa yanafurahi. Nami nikaelewa kwamba uongo wangu haukuwa tena kwenye mdomo wangu. Ulikuwa kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake mzuri, chini ya saa na hali ya hewa, kwenye daftari ambalo hakuna kitu ambacho si kweli. Na keshokutwa angesimama mbele ya watu wanaojua, akausoma kwa sauti yake.

"Usiisome," nikasema.

"Kwa nini? Sauti?"

"Si kweli."

"Kipi?"

"Chote. Hakukuwa na alfajiri. Nilimchukua nikampeleka nyumbani, nikamtia kwenye friji ili atulie. Mvua ikanichelewesha. Alikufa. Picha nilimpiga ameshakufa."

Nilitegemea atapiga kelele. Aliishika kalamu.

"Sehemu ya barafu au ya chini?"

"Ya barafu."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini na kitu."

"Alipotoka, kuna mguu hata mmoja uliotikisika?"

"Hapana."

"Watoto walianguka?"

"Wachache."

"Wachache wangapi?"

"Sikuhesabu."

Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja wa mshazari kwenye ukurasa mzima, taratibu, ili wino usichafue. Juu yake akaandika *Si kweli* na tarehe ya leo. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Redio alisema kweli. Nikamfokea mbele za watu."

"Nisamehe."

"Nilikuomba umwangalie tu."

Akafunga daftari, akaliweka mkobani, akatoka. Mvua ilikuwa inanyesha naye hakujifunika.

Jumatano, 7 Mei

Nimemweleza Mwalimu wa Biolojia yote, nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Fomu ina majina mawili," akasema.

"La kwake niliandika mimi, Mwalimu. Yeye hakujua. Naomba aende peke yake."

Akaandika barua mbele yangu. Jioni nikamwambia Mama pia. Alikuwa anakunja nguo, aliendelea kukunja.

"Umemwomba radhi mwenzako?"

"Nimemwomba."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Basi hujajibiwa. Usimsumbue. Anayedai jibu la radhi anaomba mara ya pili kitu ambacho hakustahili mara ya kwanza."

Ijumaa, 9 Mei

Wamejibu. Nafasi ni ya wawili wawili na sharti limevunjwa. Imepewa shule ya pili. Mwalimu alitusomea sote wawili ofisini. Mama Wadudu akasema, "Asante, Mwalimu," akarudi darasani kwenye somo la jiografia, akafungua kitabu ukurasa sahihi.

Nilidhani nikisema kweli nitapunguza mzigo. Umepungua kwangu. Kwake umeongezeka.

Jumatatu, 12 Mei

Amehamia dawati la mbele, karibu na Redio. Niliwasikia. Alimwomba radhi. Redio akasema, "Mimi? Hata sikumbuki, bibie. Nasema mambo mangapi kwa siku?" Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio akanyamaza.

Jumatano, 14 Mei

Nimerudisha kamera na flashi. Mjomba hakuuliza. Alivifuta vumbi, akavirudisha kabatini. Nilipofika mlangoni akaniambia, "Mpwa, ule utani wa friji sitautoa tena." Nikamwambia si kosa lake. "Najua," akasema, "lakini sitautoa."

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua. Tumesalimiana, Mama Wadudu na mimi, kwa vichwa.

Jumanne, 20 Mei

Leo wamerudisha picha kutoka ukumbini, imeviringishwa kwenye karatasi ngumu. Mwalimu aliiweka juu ya meza ya maabara akaniambia niamue la kufanya. Nilipobaki peke yangu niliikunjua, nikaishika kwenye pembe ili niichane.

"Usiichane."

Mama Wadudu alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua koti lake la maabara. Akaja, akaitoa mikononi mwangu, akailaza mezani na kuibana kwa vikombe vya kupimia.

"Picha haikufanya kitu," akasema. "Aliyekufa huandikiwa alivyokufa. Andika."

Akanisukumia kadi. Niliandika: *Buibui jike na watoto wake. Hawakuwa hai. Nilimtoa nyuma ya tangi la maji tarehe 11 Aprili, nikamtia kwenye barafu, akafa. Mahali hapa si pake, mawe niliyabeba.* Nikatia jina langu, langu peke yake.

Aliisoma mara mbili. Alisahihisha kitu kimoja, akaongeza *dakika 40 na zaidi*. Akaniambia tu nishike upande wa kulia, yeye akashika wa kushoto, tukaitundika ukutani, ikawa imepinda kidogo, akaisogeza, ikanyooka.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi nilipoingia maabara, kulikuwa na mistari miwili mipya chini ya kadi yangu, kwa mwandiko wake mdogo ule wa daftari:

*Mwanga: kushoto, juu kidogo.*
*Watoto mgongoni: 73. Walioanguka hawakuhesabiwa.*

Lazima alikaa baada ya mimi kuondoka. Mapumziko yote nimesimama pale na kuwahesabu mmoja mmoja, kwa kalamu isiyogusa karatasi. Wote wanaonekana, miguu yao, macho yao. Mwanga ni mzuri mno. Nikapata sabini na wawili. Nikaanza upya. Kengele ililia, nikabaki. Wa sabini na tatu yuko chini ya goti la mguu wa nyuma wa mama yake, nusu yake kivulini, na ilibidi nisogee mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye picha ndipo nikamwona.